Piano ya Kumtafutia Mama

Kanisani kwetu Voi wimbo hauanzi na kinanda. Unaanza na mtu. Mwimbaji anasimama kwenye benchi lake, anaweka do yake, ile noti ya kuanzia, pale sauti yake ilipo asubuhi hiyo, anaimba mstari wa kwanza, na mpigaji wa kibodi anaanza kumtafuta. Anabonyeza hapa, siyo. Anabonyeza pale, amekaribia. Mpaka amkamate na kanisa zima liingie. Mgeni akitusikia anadhani tumechanganyikiwa. Sisi tumezoea, na mimi nimekuwa mtafutaji huyo tangu nilipomaliza shule.

Mtu niliyemtafuta mara nyingi kuliko wote alikuwa mama yangu. Alishuka kutoka Mbololo kila Jumapili, na sauti yake ilikuwa na nguvu za kutosha kuvumilia makosa yangu yote. Kisha akapasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Alipona vizuri, tukamshukuru Mungu, lakini sauti iliyorudi ilikuwa nyingine: ya chini, nyembamba, yenye kukwaruza kidogo. Daktari alimwambia aimbe, kwa sababu sauti hiyo ikitumiwa itapata nguvu na ikiachwa itazidi kufifia.

Jumapili ya kwanza akasimama, akaanzisha. Nikamtafuta, na noti yangu ya kwanza, isiyokuwa yake, ikatoka kwenye spika zetu kubwa ikamfunika kabisa. Akanyamaza, akaketi. Tangu siku hiyo alikuja kanisani, akaomba, akatoa sadaka, lakini wimbo ukianza anafunga mdomo. Nilikuwa na hasira na kila kitu chenye waya. Nikipunguza spika, waliokaa nyuma wananung'unika. Nikiziacha, mama yangu anazidi kupotea.

Hapo ndipo ikaja habari ya piano. Muumini wetu mmoja aliyehamia ng'ambo alitaka kulizawadia kanisa piano ya kulala, ile yenye miguu mitatu na mfuniko unaoinuliwa. Kulikuwa na duka Nairobi lenye mbili za kiwanda kimoja, na zawadi yake ingetosha moja tu: ndefu ya daraja la kawaida, au fupi ya daraja la juu. Tuchague wenyewe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa amechagua kabla hajaziona.

"Kubwa ni kubwa," aliniambia. "Kijana, kanisa haiwezi kununua kitu ya kutafutwa na miwani."

Ananiita kijana ingawa mvi zangu zinashinda zake. Karibu wote walikuwa upande wake. Niliomba jambo moja tu, kwamba tukienda kuziona twende na mama.

Tukapanda treni sisi watatu, mimi, mama na mwenyekiti. Mama alibeba kimanga, muhogo na maharagwe ya kupondwa, kwenye bakuli lenye mfuniko, tukakimaliza kabla hatujafika Mtito Andei.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye subira. Aliinua mifuniko yote miwili akatuonyesha ubao mpana ulio chini ya nyuzi. Huo ndio unaoimba, alisema. Nyuzi zinauamsha tu. Wa ile ndefu ulikuwa ubao mzuri, wa kufanya kazi. Wa ile fupi, mti wake ulichaguliwa kwa mistari iliyobanana, ukaachwa ukauke miaka, kisha fundi akaupunguza unene kwa mkono huku akiugonga na kusikiliza. Nyundo ndogo zinazopiga nyuzi zimevikwa sufu. Za ile ndefu zilitoka kwenye mashine zikarekebishwa kidogo. Za ile fupi, fundi alikaa nazo akichoma sufu kwa sindano, nyundo moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa na ulaini mmoja.

"Kwa hivyo tofauti ni muda wa watu," nikasema.

"Muda wa watu na mti wenyewe," akasema.

Mwenyekiti hakusikia. Alikuwa akijitazama kwenye weusi wa ile ndefu, na kusema kweli alipendeza.

Niliketi kwenye hiyo ndefu, na jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta kitufe. Kwenye kibodi kuna kitufe tunachokiita transpozi: wewe unapiga wimbo kwenye do moja uliyoizoea, chenyewe kinakuhamisha mpaka alipo mwimbaji. Nikapapasa chini, nikachungulia kando. Muuzaji akaniuliza nimepoteza nini. Mama akacheka mpaka akafuta macho, na mimi nilifurahi kumsikia hata kama aliyechekwa ni mimi.

"Haya, mama, anzisha," nikamwambia.

"Hapa? Dukani?"

"Hapa hapa."

Akatazama mlango, akaanza kwa sauti ile ya chini. Nilimtafuta kwa kidole kimoja, taratibu kadiri nilivyoweza. Lakini ile ndefu ukiibonyeza taratibu mno haisemi kitu, na ukiongeza kidogo inasema kwa wote. Noti yangu ya tatu ikajaza duka. Mama akanyamaza, akashika kifuko chake kama mtu anayetaka kuondoka. Haikuwa piano mbaya. Kwa kwaya nzima ingetufaa sana. Ila moyo wangu uliniuma.

Nikahamia kwenye fupi. Nilibonyeza taratibu vilevile, nikitegemea ukimya, nayo ikasema. Ilisema chini kabisa, noti kamili, ya kusikika na mimi tu. Nikabonyeza taratibu zaidi. Bado ipo.

"Anza tena, mama. Mara ya mwisho."

Akaanza. Nikakosea, akaendelea. Nikakosea tena, wala hakugeuza kichwa. Nilimpata mstari wa tatu, kwenye vile vibonyezo vyeusi ambako sikuwahi kukaa maishani. Nikashika noti chache nikamfuata nazo mpaka mwisho wa ubeti. Ubeti wa pili, besi ikaingia nyuma yetu. Alikuwa mwenyekiti, mikono kifuani. Hawezi kusikia wimbo ule akanyamaza.

Tulipomaliza aliizunguka ile fupi, akaipima kwa macho.

"Lakini ni kadogo," akasema.

"Hata sauti yangu imekuwa ndogo, mwenyekiti," mama akamwambia, "na bado mnaitaka."

Akakohoa, akarekebisha tai. "Basi tutaiweka mbele kabisa. Watu waione."

Muuzaji alituonya kuhusu vumbi na ukavu, vitu viwili ambavyo Voi haivikosi. Piano ilipofika, akina mama wa kanisa wakaishonea kifuniko kizito, na mwenyekiti hamruhusu mtu mwingine kukitoa. Wageni anawaeleza kuhusu mti uliokauka miaka mingi kama vile aliuanika yeye.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Kila jioni nilikaa pale nikifundisha vidole kuhama bila kitufe, wimbo uleule kutoka do hii hadi do ile. Kwa umri wangu ni kama kujifunza kula kwa mkono wa kushoto. Mama hakuniahidi kitu.

"Sitaki kuaibika mara mbili," alisema.

Sikumsukuma. Nilipiga kila Jumapili, wakaanzisha wengine, yeye akasikiliza. Kisha Jumapili moja mhubiri aliketi, kukawa na kimya kile cha kusubiri mtu, na nikasikia benchi likilia. Sikuhitaji kugeuka. Sauti ilikuwa ya chini kuliko hata ile ya dukani, na kanisa lilikuwa limejaa. Nikaanza kumtafuta chini kabisa, kama kule dukani. Nilibonyeza, siyo. Nilibonyeza, siyo. Aliimba mstari wa pili, wa tatu, wa nne, peke yake, na watu wakainama mbele ili wamsikie. Nilimpata mwanzoni mwa ubeti wa pili, nikampigia chini, na kanisa likaingia taratibu kwa heshima yake. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Baada ya ibada nilimkuta nje kivulini, kifuko mkononi, akinisubiri.

"Leo ulichelewa," akasema. "Ubeti mzima nimeimba peke yangu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakutafuta, mama."

"Mbona sikukusikia?"