Mgongo Hauna Macho

Kwetu Kisondela mvua haina ratiba. Asubuhi ile ilikuwa imeshaanza kazi bibi jirani aliponipigia simu. "Njoo na pikipiki, mjukuu wangu. Babu yako anahema kama mbuzi aliyekimbizwa."

Mimi ni bodaboda. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto zangu hazijawahi kuacha shule. Kila abiria ninayempakia huwa namwona amekaa kwenye basi langu, kiti cha dirishani, soda mkononi. Kwa hiyo nilifika kwa bibi nikiwa na moyo mkubwa na tairi la nyuma lililokwisha.

Babu alikuwa barazani, amefunikwa blanketi, homa imempanda na kifua kinakoroma. Asingeweza kukaa mwenyewe kwenye pikipiki. Alihitaji mtu wa kumshika kwa nyuma mpaka hospitali, Tukuyu. Gari halikupatikana. Barabara yetu ikilowa, magari yana akili, hayaji.

Wanaume walikuwepo wawili. Mmoja ni mdogo wake babu, mzee wa kanisa, aliyekuja kumwombea. Wa pili ni mwalimu, mpangaji wa bibi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa. Mzee wa kanisa alisema pikipiki ilishamwangusha, akamwahidi Mungu hatapanda tena, na ahadi ya namna hiyo si ya kuchezea. Mwalimu akatazama saa, akasema ana kipindi. Ilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyemkumbusha, maana kwetu mwalimu anaheshimiwa. Bibi naye magoti yake yanagoma hata kwenye ngazi ya baraza.

Ndipo ikatokea sauti jikoni. Mwenyewe hakutokea. "Mama, mimi nitamshika."

Alikuwa mkamwana wao, mke wa mtoto wao aliye Dar. Kwa asiyejua, Wanyakyusa wa zamani hawataki mke wa mtoto atazamane na baba mkwe wake, wala waongee. Tangu aolewe, akimsikia babu njiani anaingia migombani mpaka apite. Babu naye ni muungwana, hukohoa kabla ya kila kona. Wameishi uwanja mmoja miaka yote hiyo wakijuana kwa vikohozi.

"Haiwezekani," akasema mzee wa kanisa. "Baya ni baya. Lilikuwa baya kwa babu zetu, ni baya leo, na litakuwa baya mpaka Yesu arudi."

"Limeandikwa wapi kwenye Biblia?" mwalimu akauliza.

"Si lazima liandikwe. Kuna mambo Mungu aliona aibu kuyaandika."

Mwalimu akavuta kiti. Kipindi chake sasa kiliweza kusubiri. Akatufundisha kwamba hakuna jema wala baya, kuna mazoea ya watu tu. Kwao mkwe anampelekea baba mkwe maji ya kunawa, anampigia goti, wanaongea, na dunia haijapasuka. "Kila watu wamejitungia yao. Mngezaliwa kwetu msingebishana."

"Na ningezaliwa mbuzi ningekula majani," akajibu mzee wa kanisa.

Nikasema, "Wazee wangu, mgonjwa."

"Subiri, kijana!" wakanijibu kwa pamoja. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Mimi nilikuwa natazama midomo ya babu inavyogeuka rangi ya majivu. Ndoto zangu zote, na basi likiwemo, zikajikusanya zikawa moja: tufike akiwa hai.

Bibi akasimama kwa kushika ukuta. "Shemeji, amekatazwa kumwona uso, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mgongo una macho?"

Mzee wa kanisa akautazama mgongo wa kaka yake kana kwamba hana hakika. "Hauna."

"Basi atamshika mgongo."

Mzee wa kanisa akafikiri. Akasema babu zetu hawakuwa na pikipiki, kwa hiyo hawakuacha neno lolote juu yake, lakini lazima kitu kikae katikati. Blanketi? Blanketi ni la babu, ukiligusa umemgusa yeye. Mto? Babu anaulalia, ni yale yale. Macho ya bibi yakatua kwenye mwavuli wa mwalimu, mpya, umeegemea ukuta. Akauchukua.

"Bibi, huo ni wangu!"

"Najua."

"Huwezi kuchukua kitu cha mtu bila kuomba. Ni vibaya!"

"Vibaya kwenu, mwalimu. Hapa kwangu ni mazoea tu."

"Wizi ni wizi popote!"

"Amina!" akapaza sauti mzee wa kanisa, uso umemng'aa. "Leo umeongea kama mtu." Kisha akaninong'oneza, "Mpelekee mkamwana huo mwavuli upesi."

Tukaondoka. Mimi mbele, babu amefungwa kanga kwenye mgongo wangu na macho ameyafumba, mkamwana nyuma, mwavuli wazi katikati yao kama ukuta wa nyumba. Kupakia wawili nako sheria ya barabarani inakataza, ila siku ile hiyo ilisubiri zamu yake.

Kilima cha kwanza tu, upepo ukaupindua mwavuli ukaelekea juu kama ua. Mkamwana akauachia uende kwenye mashamba ya chai, akamkumbatia babu kwa mikono miwili. Nilisikia kanga ikilegea, maana sasa uzito ulikuwa kwake.

"Mwambie asilale!" akanipigia kelele.

"Babu, unaambiwa usilale!"

"Mwambie silali," babu akajibu sikioni kwangu.

"Anasema halali!"

"Mwambie ashike tumbo lako vizuri!"

Watu watatu kwenye kiti kimoja, nami ndiye posta. Tulikwenda hivyo mpaka Tukuyu.

Hospitali wakampokea mara moja. Muuguzi akamvua koti, akaliweka kwenye kiti, akamwambia, "Baba, fungua macho." Babu akayafumba zaidi. Daktari akaja na tochi, akauliza kama amepoteza fahamu. Mkamwana alikuwa bado amemshika mkono, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni.

"Dada, mwambie baba yako afungue macho."

Akanitazama. Nami nikamtazama. Akauweka ule mkono taratibu juu ya shuka, akatoka nje.

"Ametoka?" babu akanong'ona.

"Ametoka."

Akafungua macho yote mawili. Daktari akatuangalia mmoja mmoja, akaamua kuanza na kifua.

Walipomwekea dripu, wakasema ni homa ya mapafu, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuja na habari nyingine. Babu akaniita karibu.

"Amelowa?"

"Chapachapa, babu."

"Koti langu lipo?"

"Lipo. Blanketi limelikinga, limelowa bega moja tu."

"Nenda ukalisahau kwenye benchi la nje."

Nikalisahau vizuri kabisa, karibu na kiwiko cha mkamwana. Akaliangalia. Akaangalia mlango wa wodi. Akalivaa, mikono ikampita vidole.

Nyumbani mzee wa kanisa aliniuliza kama wale wawili wameonana. Nikamwambia hawakuonana, naye akamshukuru Mungu aliyeilinda mila. Mwalimu aliniuliza habari za mwavuli. Nikamwambia ametendewa vibaya, vibaya kweli, hata wa kwao wangekubali. Hajafurahi mpaka leo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale hospitali nilibaki mlangoni, katikati. Ndani babu alikohoa, kile kikohozi cha kwenye kona, si cha ugonjwa. Nje kwenye benchi, ndani ya koti, mtu akakohoa kumjibu.