Waliolala Chini ya Migomba

Kijiji kizima cha Ihanda kilijua kwamba ukitaka shimo lililonyooka, liwe la mche wa kahawa au la kaburi, umwite Fidele. Babu yake alivuka mto Kagera kuja kuchuma kahawa za watu, baba yake akazichuma hizohizo, na hadi Fidele anakuwa kijana wa kuoa ukoo wao ulikuwa haujapata shamba zaidi ya migomba michache iliyozunguka nyumba. Wenzake walirithi vibanja vya migomba na kahawa; yeye alirithi mikono. Sifa ya mikono hiyo aliitunza kama wengine wanavyotunza hati ya shamba.

Msimu ule mzee Kashaija wa Nyakasimbi, mwenye kahawa nyingi na miguu iliyochoka, alimwahidi kumfanya msimamizi wa shamba lake, na nyumba ya kukaa hukohuko. Fidele alimwambia mama yake, Costansia. Costansia akawaambia majirani, maana furaha ile haikuwa ya kufungia ndani.

Ndipo akafariki mume wa jirani yao Benadeta. Kwa desturi yao, mtu akifa hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe. Jembe la siku hiyo ni la kaburi tu. Fidele na wenzake walianza kuchimba alfajiri, wakakutana na mwamba, wakapambana nao kwa sururu mpaka jua likawa juu. Walipomaliza walitandikiwa majani makavu ya migomba mbele ya nyumba, wakaletewa juisi ya ndizi kwenye vibuyu, wakajilaza kungoja mazishi. Mmoja alianza hata kukoroma. Nani angewalaumu?

Wa kuwalaumu alikuwa njiani. Gari lilisimama barabarani, akashuka kijana wa rika lao na kamera, akawapiga picha kwa mbali, akapanda, akaenda zake. Hakuvuka hata mtaro kuja kusema "poleni". Angevuka, angeliona kaburi nyuma ya nyumba.

Kesho yake wakajikuta kwenye chaneli moja ya mtandaoni: "Saa nne asubuhi, vijana wa Karagwe wamelala chini ya migomba." Sauti nzito ilisikitikia nguvu kazi ya taifa, ikataja pombe, ikataja maadili, na picha ikavutwa mpaka usoni kwa Fidele, mdomo wazi, kibuyu kifuani. Watu wa mbali, ambao sururu wameiona dukani tu, wakaandika kwamba vijana kama hao wachapwe viboko. Yaani mtu anamzika jirani yake, anaitwa mlevi na mtu asiyemjua hata jina. Inauma.

Fidele alipanda baiskeli hadi Nyakasimbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuona kwenye simu ya mjukuu wangu."

"Mzee, ule ulikuwa msiba. Tulikuwa tumetoka kuchimba kaburi."

"Nakuamini," alisema Kashaija, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kubishana. "Lakini wanangu walioko Mwanza wameiona, na siku hizi wao ndio wenye sauti. Wanasema vijana wa sasa ndivyo walivyo. Kazi wamesema nimpe Nolasco."

Nolasco naye alikuwa amelala palepale siku ile. Bahati yake, aliipa kamera mgongo.

Wiki hiyo redio ilifungua mjadala kuhusu uvivu wa vijana. Fidele akapiga simu, akabahatika kupokelewa. "Mimi ndiye yule wa kwenye picha," alianza, "na pale palikuwa msibani..." Mtangazaji alicheka kwa upole akasema, "Kijana wangu, visingizio havijengi nchi." Simu ikakatwa, ukapigwa muziki.

Baada ya hapo alipokwenda Bugene, waendesha bodaboda walimwita Mlalaji. Kwanza alikasirika, kisha akacheka nao, mwishowe akawa anaitika. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Fidele lilikuja kwa mlango wa nyuma: hakugeuka mvivu, aligeuka mtu anayeogopa kuonekana amepumzika. Akawa anabeba jembe hata akienda dukani kununua chumvi. Kwenye vibarua, wenzake wakikaa kula, yeye alikula amesimama, na akisikia injini barabarani aliacha chakula akashika kazi. Costansia aliyaona yote hayo na moyo ukamwuma, lakini mtoto wa kiume aliyekwisha ota ndevu utamwambiaje akae chini?

Kisha akafariki bibi yake Fidele, Uwamahoro, aliyemlea tangu anaachishwa ziwa. Kaburi lake hakutaka asaidiwe. Alichimba peke yake, akanyoosha kuta zake vizuri kuliko alivyowahi kunyoosha shimo lolote, akatoka humo na macho mekundu. Majani makavu yalikuwa yametandikwa. Vijana walikuwa wameketi, wakamsogezea kibuyu. Benadeta mwenyewe akamshika mkono, akamkalisha.

Alikaa kidogo. Mlio wa gari ukasikika barabarani.

Fidele akasimama, akachukua jembe lililokuwa bado na udongo wa kaburi, akaingia kwenye migomba akaanza kupalilia. Kilio kikakatika. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuona mfiwa akilima msibani kwake. Costansia akamfuata, kanga ikimwanguka mabegani.

"Fidele, mwanangu. Unalima, na bibi yako hajazikwa?"

"Gari, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Lipite kwanza."

Lakini gari lile halikuwa la kupita. Lilikuwa limeshasimama mbele ya nyumba, na wanaume walikuwa wakishusha jeneza la bibi lililotoka mjini Kayanga, wakimtafuta mjukuu aje alipokee.