Yaya Ndiye Aliyeitwa Kusoma Majibu ya Mama

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja jioni, mama aliporudi kutoka hospitali na majibu ya picha za titi lake. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, ni mimi niliyemsikia akilia usiku uliotangulia. Lakini alimwita yaya, dada yangu mkubwa anayesomea uuguzi, wakafunga mlango. Nikabaki koridoni nikisikiliza, nikimwonea wivu.

«Wameandika ACR ine,» mama alisema, yaani nne. «Ni ine juu ya ngapi?»

Yaya akacheka. «Mama, haiko points ya masomo! Na haiko stade ine, hatua ya ine ya cancer. ACR ni namna ya kupanga picha za titi; ine ni kusema wameona kitu chenye kinaleta mashaka. Inaweza kuwa cancer, inaweza kuwa hapana. Biopsi ya Ijumaa, wakikamata kipande kidogo na kupima, ndiyo itatuambia.»

«Aksanti, mama yangu,» mama alimjibu. «Ijumaa tutaenda na weye.»

Mama yangu! Jina la upendo; mimi huniita «weye» tu. Nilipaswa kufurahi kwamba ile nne haikuwa hukumu. Badala yake nilimchukia yaya, kwa sababu ndiye aliyemtuliza.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa akiwasha mbabula, jiko letu la makaa. Mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono nilichuchumaa karibu naye, nikasema: «Mama, Ijumaa minye pia nitaenda.» Kabla hajajibu, nikaongeza: «Ata kama yaya anakuya.»