Maua ya cherehani

Ninyi vijana munaoshona kwa umeme, musikilize. Kila nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani namuona mama, pale Cibitoke, akisukuma shuka ya viraka huku na huku chini ya sindano mpaka maua yatokee. Maua ya kujaribia aliyashona kwenye vipande vidogo, akavifunga kwa kamba, wateja wachague. Nami, mutoto bado, nilishona changu cha kwanza, nikataka nacho kifungwe humo. Shangazi, aliyefundishwa na mama, akakinyakua.

"Hii ni ua ao kuku amekanyaga?"

Machozi yakanitoka. Mama akapekua mpaka kipande cha chini kabisa.

"Na hii yako ya kwanza, wifi, ni mnyama gani?"

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Changu kikafungwa.

Kwangu nimeshaamuru: kazi ya kwanza ya mutoto haitupwi.