Dada wa Asubuhi

Harufu ya buni zikikaangwa kwa samli ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Bibi yangu, ambaye sisi Waborana humwita Akko, alikuwa akibandika sufuria mara tu baada ya swala ya alfajiri, na punje za kahawa zilipoanza kupasuka ndani ya mafuta, alianza dua. Aliomba mvua, akaomba maziwa, akaomba amani kati yetu na majirani, kisha akatupaka samli ya moto kidogo kwenye paji la uso ili siku ituendee vizuri. Tulikuwa tukiishi pembezoni mwa mji wa Isiolo, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga usiokuwa na maji ila mvua inaponyesha kule juu milimani. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa ukame, na dua ya Akko ilirefuka kuliko kawaida kwa sababu jina la dada yangu Talaso lilikuwa limeingia ndani yake. Mimi nilikuwa darasa la nne, na yeye alikuwa amenipita kimo, akili na maneno.

Asubuhi Talaso hakuwa na kasoro. Alibeba jerikeni la maji kutoka bombani huku akiimba, akanisuka nywele kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, akamtania Mama kuhusu Kiswahili chake, akakimbizana na mbuzi. Lakini jua lilipofika utosini kope zake zilianza kuwa nzito. Kufikia alasiri jicho la kushoto lilikuwa limefungwa nusu, na la kulia likilifuata. Jioni sauti yake ilipitia puani, ikawa nyembamba na ya mbali, halafu ikakatika kabisa. Chanuo lilimshinda kuinua. Maziwa aliyokunywa yalirudi kupitia pua, akakohoa, naye akaniangalia kwa ufa mdogo uliobaki chini ya kope kana kwamba anaomba radhi. Basi nilikuwa na dada wa asubuhi tu. Jioni nililala kando ya mtu niliyempenda kuliko wote, nikamwita, na hakuweza kunijibu. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye mkeka ule, bega langu likigusa bega lake.

Kabla ya msimu huo jioni ndizo zilizokuwa zetu. Talaso alikuwa msimulizi kama Akko, ila yeye aliongeza chumvi. Fisi wake alisafiri kwa lori mpaka Merti, akala kiapo mbele ya wazee wa huko, na bado akaiba. Sauti ilipoanza kumtoroka jioni, akahamishia hadithi asubuhi, tukiwa bado ndani ya shuka. Akko alikasirika vibaya sana. Kwake hadithi ya mchana ilikuwa mwiko, ilipoteza mifugo. Na kwa bahati mbaya wiki hiyohiyo mbuzi wetu mweupe, yule mwenye mimba, hakurudi. Talaso alikaripiwa mbele yetu sote, na kesho yake asubuhi alilala akitazama bati la paa huku mdomo wake mzima ukiwa hauna la kusema. Akko hakuwa mkatili. Aliamini kwa moyo wote kuwa buni na dua yake ndivyo vilivyompa mjukuu wake nguvu kila kunapopambazuka, na kwamba nguvu hizo zilikuwa zikimwagika mchana kwa sababu ya mwiko uliovunjwa. Kwa macho yake ushahidi ulikuwa wazi: mtoto anapakwa samli, mtoto anasimama. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba kilichomsimamisha kilikuwa usingizi.

Mama yeye aliamini hospitali. Na hospitalini, kama kila mtu wa Isiolo ajuavyo, huendi ukiwa umechelewa. Biashara asubuhi. Ukitaka kuonwa na daktari unatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, unavuka laga kungali na ubaridi, unakaa kwenye benchi la mbele, na wanaokuja na jua kali watakukuta umeshatoka. Mama alijivunia kuwa wa kwanza. Alimvalisha Talaso buibui safi, akanichukua na mimi nimtafsirie, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na mimi nilikuwa nimefundishwa kuunganisha maneno. Tukafika, tukaingia, na daktari akamtazama msichana mwenye macho makubwa yaliyo wazi, anayejibu salamu kwa sauti ya kengele, anayesukuma na kuvuta mkono wa daktari kwa nguvu zote alizoamriwa.

"Mama, huyu mtoto ako sawa kabisa," alisema. "Anaringa tu. Mpe kazi ya nyumbani."

Tulirudi tena, na tena, na kila mara tulirudi alfajiri, kwa maana Mama alifikiri kosa letu lilikuwa kutowahi vya kutosha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi hatukuficha chochote. Maradhi yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakijificha kila asubuhi na kutuacha tukionekana waongo. Muuguzi mmoja alianza kutabasamu akituona. Shuleni mwalimu wa vipindi vya mchana alimsimamisha Talaso ukutani kwa kusinzia. Mama Kawira, Mmeru mwenye duka karibu na kwetu, mama mwema aliyetupa sukari hata tusipoiomba, alimshika Mama mkono akamwambia, "Pole, Mama Talaso. Wasichana wa siku hizi wakikua wanakuwa wavivu hivyo. Itaisha." Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma Mama kuliko dharau. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Baba alikuwa akifuata bei ya mbuzi kule Oldonyiro, hakuwepo jioni hata moja kuona. Na jioni moja Talaso alipaliwa na uji, akakosa nguvu ya kukohoa, akageuka rangi mikononi mwa Mama kabla pumzi haijarudi. Tangu siku hiyo nilijua Mama anachoogopa, ingawa hakukitamka: kwamba mtoto wake angekufa kabla hajapata mtu hata mmoja wa kumwamini.

Halafu mvua ikaja. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi siisifu, lakini ile ya siku hiyo ninaishukuru mpaka leo. Ilikuwa imenyesha mbali, kwetu hata vumbi halikulowa. Tulitoka alfajiri kama desturi, tukafika ukingo wa laga, tukakuta maji ya rangi ya chai yanashuka yakiwa na magogo, miiba na mzoga wa punda. Hakukuwa na kuvuka. Mama alikaa juu ya jiwe, akakunja mikono, akatazama upande wa pili ambako benchi la mbele lilikuwa likikaliwa na watu wengine. Nilimwambia turudi nyumbani. Alitikisa kichwa. Tulikaa pale asubuhi nzima, na nitakiri kwamba mwanzoni nilifurahi, kwa sababu Talaso, akiwa mbali na masikio ya Akko, alianza kunisimulia hadithi. Ilikuwa ya msichana aliyechimba kisima kwa kijiko. Alifika mahali kijiko kinapogonga kitu kigumu, na hapo ulimi wake ukaanza kuteleza. Aliinua mkono kuniashiria ningoje. Kisha mkono wenyewe ukashuka. Maji yalipopungua, jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na vijana waliokuwa wakivusha watu walimbeba mgongoni kwa sababu miguu yake haikuweza kupambana na mchanga.

Benchi la hospitali lilikuwa tupu. Alikuwepo daktari mmoja tu, mwanamke kijana aliyeletwa Isiolo kutoka upande wa Nyeri, ambaye hatukuwa tumewahi kumwona kwa kuwa zamu yake ilianza mchana. Alimtazama Talaso aliyeegemea kifua cha Mama, macho yamefungwa, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, kichwa kikianguka kila kilipoinuliwa. Alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Huyu mtoto amekuwa hivi tangu lini?" aliuliza kwa ukali. "Mbona hamkumleta mapema?"

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ukame uanze. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kilemba kikamlegea, na daktari akanigeukia kwa hofu. Nikafungua mdomo nitafsiri, lakini Mama alinizuia kwa kiganja, akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Daktari, mimi analeta yeye mapema. Kila siku mapema. Mapema yeye iko mzima. Sasa laga imejaa, leo mimi imechelewa. Leo ndio wewe imeona."

Daktari aliinua kiti kilichoanguka. Hakubisha, hakutabasamu. Akamlaza Talaso kitandani, akazima taa ya chumba, akatuambia tumwache alale. Tulikaa watatu, wageni kwa wageni. Talaso alipoamshwa, kope zilipanda taratibu mpaka macho yake yote mawili yakaonekana, makubwa kama ya asubuhi, na daktari akashusha pumzi. Kisha akatueleza. Alisema kuna ugonjwa adimu uitwao miastenia, ambao hukata mawasiliano kati ya neva na misuli, hivi kwamba misuli inachoka kwa kutumika na kupata nafuu kwa kupumzika. Alisema hatukuwa waongo. Mama aliniomba nimtafsirie sentensi hiyo moja, ingawa najua alikuwa ameielewa.

Ningependa kusema kwamba hapo tulipona. Talaso alipelekwa Nairobi, akapewa vidonge, na kwa miaka kadhaa nilirudishiwa jioni zangu, si zote, lakini za kutosha. Fisi alirudi, akapanda lori lake. Hadithi ya kisima tu ndiyo hakutaka kuimaliza. Kila nilipomkumbusha aliniambia ningoje. Alikuwa sekondari wakati homa ya kifua ilipomshika, na misuli ya kupumua, ambayo ndiyo isiyopewa nafasi ya kupumzika, ikachoka. Ilikuwa asubuhi. Hilo ndilo lililonikasirisha na linanikasirisha hadi leo, kwamba asubuhi nayo ilitusaliti.

Chumba alicholala nyumbani kwetu sasa ni kliniki. Yule daktari wa zamu ya mchana ameota mvi na anafanya kazi Nairobi, lakini kila mwezi huja hapa kuwaona watu wenye maradhi haya na mengine ya misuli, wachache waliotawanyika kaunti nzima. Familia zao zilichangia rangi na mabenchi, na juu ya mlango wakaandika jina la Talaso. Mimi, mwalimu nisiyejua kudunga sindano, ninafagia, ninachemsha chai na kushika ufunguo. Jambo moja tu nililolishikilia lilikuwa saa: tunafungua saa nane mchana, tunafunga magharibi. Vijana wa mtaani hunitania kwamba hii ni kliniki ya wala miraa, inaamka wengine wakirudi nyumbani. Nawaacha wacheke. Akko alishazikwa, Baba pia, na Mama alihamia kwa kaka yake huko Merti kwa kuwa hakuweza kusikia mlango ule ukifunguliwa. Hunipigia simu, huniuliza kuhusu mbuzi, kuhusu mvua, kuhusu bei ya unga. Kuhusu kliniki haulizi, nami sijajifunza namna ya kumweleza. Wagonjwa wakiondoka, uwanja hubaki na mimi na vikombe. Zamani nilikuwa mpweke nikiwa na mtu pembeni. Sasa ni mpweke nikiwa na nafasi tele, na sijui ipi ni afadhali.

Mwezi uliopita, siku ya daktari kuja, nilifungua lango alfajiri ili nifagie, nikakuta mama mmoja amejikunyata ukutani. Alikuwa ametoka Kipsing, akapanda lori usiku ili awe wa kwanza. Binti yake, mdogo, alikuwa akirukaruka juu ya mawe ya uani, akicheka peke yake. Mama yule alimtazama kwa aibu, akaanza kujitetea kabla sijamsalimia.

"Mwalimu, haki ya Mungu, jana jioni huyu hakuweza kushika kikombe. Macho ilifunga. Leo ameamka namna hii. Sasa nyinyi mtasema mimi ni mwongo."

"Nakuamini, mama," nikamwambia.

Alifunika uso kwa leso. Nilileta chai, nikakaa naye kwenye benchi, na kwa kuwa siku ilikuwa ndefu nikamwita mtoto nikamsimulia, jua likiwa kali na Akko akinikemea kutoka alipo, habari za msichana aliyechimba kisima kwa kijiko. Nilipofika mahali kijiko kinapogonga kitu kigumu nikanyamaza, kama ninyamazavyo siku zote. Mtoto akauliza ni kitu gani. Nikamwambia sijui, aliyekuwa akijua hakuniambia. Alifikiri kidogo, akajilaza kwenye paja la mama yake. Saa sita ilipita, saa saba ikapita. Jua lilipoanza kuegemea magharibi, kope ya jicho lake la kushoto ikaanza kushuka, polepole, kama nilivyokuwa nikiiona kila siku ya utoto wangu nikiwa peke yangu. Mama yake akanishika goti kwa nguvu.

"Umeona?" akaninong'oneza.

"Nimeona," nikasema, na nikaenda kumwita daktari.