Gari Lililougua Jumamosi na Jumapili

Umeme nilijifunza kwenye shamba la mkonge, nikiwa msaidizi wa fundi wa mitambo, na nilijifunza kwa sababu vipuri havikuwepo. Miaka ile ya shida, kitu kikiharibika hukuuliza duka liko wapi. Uliuliza kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Gasketi tulizikata kwenye maboksi ya sabuni. Betri za tochi tulizianika juu ya bati pamoja na mahindi, tukazigeuza mchana ili zipate jua pande zote. Shamba lilipopunguza wafanyakazi nilikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Nikarudi Same na kamusi moja, mita ya kupimia umeme yenye kioo kilichopasuka, na tabia ya kuandika kila jambo kwenye daftari.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Nguo za mitumba zilitangulia, redio zikafuata, kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, yenye vibandiko ambavyo hakuna mtu mjini aliyeweza kuvisoma. Mafundi wenzangu waliozoea malori walifungua boneti, wakaona wingi wa nyaya, wakaifunga taratibu kama mtu aliyekosea mlango akaingia chumbani kwa wakwe. Mimi nilipata kitabu cha ufundi mnadani, cha Kiingereza, kisicho na jalada. Sura ya kiyoyozi peke yake ilinichukua miezi minne na kamusi.

Kwa hiyo mwalimu mstaafu alipoleta gari lake uani kwangu, nilifurahi zaidi kuliko ilivyofaa. Ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la sita. Gari lake dogo jeupe lilikuwa na kiyoyozi, jambo ambalo mtaani kwetu lilizungumzwa kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, baridi imekataa tena."

Hakuja kwa ajili ya starehe yake. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Same baada ya mwezi mmoja, na binti huyo alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa mwalimu, huko milimani juu ya Gonja. Bibi alikuwa amepita miaka themanini. Mara ya mwisho aliposhuka tambarare joto lilimwangusha, akalazwa siku nne, na tangu hapo aliapa kwamba watu wa Same wataendelea kuokwa na jua bila yeye. Mwalimu alimpelekea habari kwamba sasa ana gari lenye hewa ya baridi.

Jibu lilikuja na msafiri aliyeteremka na tangawizi. "Kama ni baridi ya huku kwetu, nitakuja. Likianza kunichemsha njiani, nateremka narudi kwa miguu, harusi mtafunga wenyewe."

Bi harusi naye alikuwa ametamka kwamba hataingia kanisani kabla bibi yake hajakaa benchi la mbele. Mwalimu alikuwa kati ya mama na binti, na wote wawili walikuwa na kichwa kigumu cha aina moja.

"Mafundi wa mjini wameniambia ni gesi," alisema. "Wameongeza mara mbili. Linapona, halafu linaugua."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilifunga geji, nikapima joto la uani, nikalinganisha na jedwali la kitabu. Gesi ilikuwepo kamili. Nikawasha injini, nikabonyeza kitufe, kompresa, ile pampu ya gesi, ikashika, na hewa ikatoka baridi ya kutosha kugandisha jasho.

"Mwalimu, gari lako ni zima."

"Jumapili lilikuwa maiti."

Jumatano iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo. Zima, baridi, gesi kamili. Ya tatu pia. Madereva wa stendi walikuwa wameanza kupita makusudi. Mmoja alishauri nikate nyaya niziunganishe moja kwa moja. Mwingine alisema gari la Kijapani halipendi kusemeshwa Kipare. Mwalimu mwenyewe alinitazama kama alivyonitazama zamani nilipogawanya sehemu bila kugeuza.

"Fundi, unapima mgonjwa siku anayocheza ngoma."

Maneno hayo yalinikaa. Nilimwomba aandike hali ya kiyoyozi kila siku, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Alipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, na kwa kuwa ualimu haumtoki mtu mwilini, akalipa gari alama. Alhamisi: Nzuri sana. Ijumaa asubuhi: Nzuri sana. Jumamosi: Limefeli. Jumapili: Limefeli. Jumatatu: Limefeli, aibu. Jumanne jioni: Linajitahidi. Jumatano: Vizuri.

Nilikaa na karatasi ile mezani. Mke wangu alikuwa akishona upande wa pili.

"Gari halijui siku," nilisema. "Chuma hakina kalenda."

"Labda limeshindwa kuchagua dini," alisema bila kuinua macho. "Jumamosi linapumzika na mwalimu, Jumapili linapumzika na wewe."

Alicheka peke yake, lakini alikuwa amegusa jambo. Mwalimu anashika Sabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, gari lake hulipeleki kwa fundi hata kama linawaka moto. Mimi ni Mlutheri na Jumapili niko kwenye kwaya, sauti ya nne, tangu asubuhi mpaka mchana. Jumatatu mwalimu alikwenda na gari shambani kwake Kisiwani akarudi jioni. Kwa hiyo gari liliugua siku zile tu ambazo mmoja wetu hakuweza kuligusa. Kila nilipolipata mkononi lilikuwa limeshapona. Sikuwahi kuliona likiwa gonjwa.

Basi nilipaswa kuwepo pale linapoanza kuugua, nalo lilianza kati ya Ijumaa asubuhi na Jumamosi. Tatizo ni kwamba Ijumaa iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya mwisho. Jumapili alfajiri mwalimu alitakiwa kumfuata mama yake, na harusi ilikuwa alasiri ile ile.

Saa tisa alasiri ya Ijumaa nilichukua geji, mita yangu, na sindano mbili za mke wangu.

"Zitarudi zinanuka petroli," alisema.

"Zitarudi."

"Sikuuliza kama zitarudi."

Nilimkuta mwalimu uani kwake, suruali imekunjwa hadi magotini, anafanya maandalizi ya Sabato. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, kuni zimepangwa, chakula cha kesho kipo jikoni, na sasa zamu ya gari. Alikuwa amemaliza mabati na magurudumu. Nikamwona akifungua boneti. Akachovya kopo kwenye ndoo ya maji ya sabuni ya unga, akaimwagia injini kama mtu anayeogesha ng'ombe. Kopo moja. La pili. La tatu akalielekeza mbele, nyuma ya rejeta, ambako vumbi jekundu la njia ya Kisiwani hujikusanya zaidi.

Nilisimama langoni. Nilitaka nione mpaka mwisho.

"Mwalimu," nilisema hatimaye, "unafanya hivi kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Nitaendaje ibadani na injini chafu?"

"Na nani anaiona injini?"

"Swali gani hilo, fundi?"

Nilimwomba awashe. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Kompresa haikushika, hata kwa kubahatisha. Nakiri kwamba nilipiga makofi. Mwalimu alidhani nimerukwa na akili, kwa hiyo nilimweleza kwa lugha ambayo kila Mpare amezaliwa nayo.

"Unaijua ndiva," nilisema, maana lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji kule kwao alilichimba na baba yake kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima na majembe. "Yupo mtu anayeangalia maji yamefika wapi, anawaambia wa chini wafungue au wasifungue. Gari lako lina mtu kama huyo. Ni hii sensa ya presha, kwenye bomba hili. Inaangalia presha ya gesi na kuiambia kompyuta ya gari. Ikisema presha imezidi, kompyuta inazuia kompresa ili bomba lisipasuke."

"Kwa hiyo presha imezidi?"

Nilifunga geji, nikaisoma. "Geji yangu inasema haijazidi. Maji yako pale pale. Tunataka kujua kama mwangalizi anasema uongo."

Sensa ilikuwa na nyaya tatu. Mmoja unaleta volti tano, wa pili ni wa kurudishia, wa tatu unapeleka habari. Nilipenyeza sindano moja nyuma ya soketi, kando ya waya wa tatu, na nyingine kando ya ule wa kurudishia, nikaunganisha mita. Kwa presha niliyoiona kwenye geji, kitabu kilitaka volti moja na nusu, au zaidi kidogo. Mita ilisema nne nukta tatu.

"Mwongo," alisema mwalimu, akiwa ameinama pembeni yangu.

"Bado. Huenda ni mwongo, au huenda analishwa maneno njiani."

Tofauti hii ndiyo iliyokuwa na uzito wote. Kama sensa yenyewe ilikuwa imekufa, nyingine ingetoka Dar es Salaam wiki ijayo, na bibi angebaki mlimani. Kama ni soketi, kazi ilikuwa ya mkono. Nilichomoa. Ndani palikuwa na tone la maji ya sabuni na ukungu wa kijani kwenye meno ya shaba. Raba ya kuzuia maji haikuwepo kabisa. Huenda ilibaki Japani. Maji yaliyokaa kati ya meno yalikuwa yanavujisha zile volti tano hadi kwenye waya wa habari, na kompyuta ikasoma presha ya kutisha. Kufikia Jumanne soketi inakauka, na Jumatano mwalimu ananiletea gari zima.

"Mjini waliongeza gesi siku gani?" niliuliza.

Alifikiri. "Mara zote mbili ilikuwa Jumatano."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka upande wa nyika, na mwalimu alikuwa analitazama zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

"Fundi, jua likizama unaondoa mikono yako, hata kama umebakiza skrubu moja."

"Nimekuelewa."

"Hata nusu skrubu."

Nilisugua meno ya soketi kwa mswaki na petroli, jino moja moja, mpaka shaba ikaonekana. Nikaikausha kwa kitambaa, kisha nikaiacha juu ya ukuta uliokuwa bado una joto la mchana. Sikutaka kuharakisha, na mwalimu hakutaka nisiharakishe. Alizunguka gari mara tano. Raba niliikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ya kwanza ikawa pana, ya pili ikakaa. Nikarudisha soketi, ikalia inavyotakiwa, nikapenyeza sindano. Volti moja nukta sita.

"Washa."

Kompresa ikashika. Ule mlio mdogo wa chuma kukutana na chuma, mwalimu aliusikia kutoka kwenye usukani na akapiga kelele ya ushangiliaji ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia.

Hapo nikachota kopo la maji ya sabuni.

"We! Unafanya nini?"

"Nahakikisha."

"Limepona! Liache!"

"Limepona Jumatano zote, mwalimu."

Nikamwaga juu ya soketi. Mita haikuruka. Nikamwaga la pili. Kompresa iliendelea. Nikafunga boneti, nikafuta mikono, na jua lilikuwa bado juu ya upeo kwa upana wa vidole viwili. Mwalimu alikwenda kunawa, akarudi amevaa shati safi, na hatukuzungumzia gari tena jioni ile.

Jumapili sikwenda kwaya. Mwalimu alinitaka niwe kwenye gari kwa dharura, na mchungaji wetu alisema sauti ya nne haitasikika pungufu. Bibi tulimkuta amevaa tangu usiku, khanga mbili na sweta, mkoba mapajani. Aliketi mbele. Tulipoiacha baridi ya mlimani na kuingia njia ya tambarare, joto la nje lilianza kutetemesha barabara. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa haraka, akakipeleka kwenye tundu la hewa.

"Huku moto," alisema, "huku Gonja."

"Ndiyo, Bibi."

"Na kelele hiyo inayokata na kurudi ni nini?"

"Ni mashine inapumzika kidogo, halafu inaendelea."

"Vizuri. Mimi pia hufanya hivyo." Akalala mpaka Kisiwani.

Aliingia kanisani kabla ya bi harusi, akakaa benchi la mbele na kuvumilia ibada yote akijipepea kwa leso. Lakini ilipomalizika alitangaza kwamba salamu atapokelea garini. Kwa hiyo gari likawashwa chini ya kivuli cha ukuta, na wageni wakapanga mstari dirishani. Bibi aliteremsha kioo vidole vinne, akaitikia marahaba, akakipandisha kabla ya mwingine kufika, baridi isitoroke. Mimi nilisimama mbele nikisikiliza injini, maana gari lililosimama hupata joto upesi, na nilitaka mshale wa joto usipande.

Mwishowe mstari ukasogea pembeni, kwa kuwa bi harusi alikuwa anakuja, ameshika gauni kwa mikono miwili kulikwepesha vumbi. Hakusimama dirishani. Alifungua mlango wa dereva, akaingiza gauni lote kwa shida, akaketi kwenye usukani karibu na bibi yake, na kufunga. Mpiga picha aligonga kioo. Bwana harusi aligonga. Hawakumfungulia yeyote. Vioo vilikuwa vimepanda hadi juu na kompresa ilikuwa inafanya kazi, hivyo hatukusikia walichosema, ila tuliwaona wanacheka, na bibi akimwonyesha mjukuu wake kitufe cha kuongeza baridi.