Udongo Niliomkataza Mke Wangu

Nilipaswa kukataa. Wazee wawili wa kanisa letu walikuja nyumbani Butiama baada ya ibada, wakapewa chai, kisha wakasema waumini wananitaka niwe mzee wa kanisa, ila kuna jambo moja la kusawazisha kwanza. Mke wangu alikuwa mfinyanzi. Tangu ndoo za plastiki zijae madukani, wateja wake wengi walikuwa wanawake wanaopika pombe ya kienyeji.

"Haitapendeza," alisema mmoja wao. "Wewe utakuwa unahudumu kwenye meza ya Bwana, na nyumba yako inatoa vyungu vya pombe."

Nikakubali kabla hajamaliza chai yake.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa pamba Bunda, nikastaafu karani vilevile. Nilitaka, walau mara moja maishani, watu wanipishe kiti cha mbele.

Na nilijua vyungu vile vilikuwa nini kwake. Mwaka uliotangulia, binti yetu alifariki akijifungua, yeye na kichanga chake. Baada ya matanga mke wangu hakulia wala hakusema. Alikaa jikoni moto ukazimika mbele yake. Tulimwekea chakula kikapoa. Watu wa maombi walikuja, wakaimba, wakaondoka. Kisha asubuhi moja alichukua jembe na gunia, akashuka bondeni, akarudi na udongo kichwani. Akamwaga maji, akaanza kuukanda kwa ngumi, na hapo ndipo nilipoyaona machozi yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni alikula ugali na dagaa, akaomba kuongezewa.

Kuanzia siku ile, kila alipoketi chini na chungu kibichi kati ya miguu yake, akikilainisha kwa gunzi la mahindi, alizungumza. Alimtaja binti yetu. Alinisimulia vituko vyake vya utotoni ambavyo sikuwahi kuvijua, maana nilikuwaga Bunda. Siku moja aliniambia, bila kuinua macho, "Hapa tu ndipo kifua kinaniachia."

Sikuwaambia wazee wale hata neno moja la hayo. Walipoondoka nilimfuata mke wangu uani, nikamwambia aache kufinyanga.

"Hata vya maji?" aliuliza.

"Hata vya maji. Watu hawatasubiri maelezo."

"Na hiki nilichokianza?"

"Kiache, mama."

Hakubishana. Alinawa mikono, akaenda kuwasha moto. Nilishukuru kwamba mambo yamekwisha kwa amani.

Hayakuwa yamekwisha. Kwanza aliacha kusimulia. Baadaye akaacha kwenda sokoni, kisha kuoga mpaka nimsihi. Usingizi ukamkimbia. Mikono yake haikutulia, ilikuwa inasuguana mapajani mchana kutwa, na mimi nikiwa nimevaa koti langu la Jumapili nilijifanya sioni.

Dada yake, muuza nguo za mitumba huko Kabasa, alikuja kumtazama. Hakumaliza hata soda niliyomnunulia.

"Hongera, shemeji," alisema. "Kanisani umepewa kiti, nyumbani umebaki na kisiki."

"Ni msiba wa mtoto huo, shemeji."

"Msiba huo alishaanza kuushinda. Huu wa sasa umempa wewe."

Tulimpeleka hospitali Musoma, tukafikia kwa kijana wetu anayeishi mtaa wa Nyasho. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Aliandika dawa, kisha akanigeukia. "Mzee, kuna kazi yoyote ya mikono ambayo mama anaipenda? Kushona, kusuka, chochote. Inasaidia sana pamoja na dawa."

Hapo ningeweza kusema. Lakini angeuliza kwa nini ameiacha, na kijana wetu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Hakuna, daktari," nikajibu. "Ni mama wa nyumbani tu."

Mke wangu alinitazama. Kwa wiki nyingi alikuwa hatazami mtu. Aliniangalia kwa muda, kisha akarudisha macho sakafuni.

Dawa zilimpa usingizi, hazikumpa hamu. Alipoanza kukataa hata uji, nilikwenda kwa wazee nikavua cheo changu. Nikateremka bondeni na gunia, mzee mzima, nikachimba mpaka mgongo ukanikataa. Nilimwekea ule udongo miguuni.

Alivunja kipande, akakifinya kati ya vidole.

"Huu una mchanga. Haushiki."

"Nionyeshe wanakochimba mzuri. Twende sasa hivi, nitakubeba kwa bodaboda."

"Nimechoka, baba watoto."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia afinyange vya pombe, vya maji, vya kupasua, chochote, watu waseme watakavyo. Alinipangusa vumbi begani kama mtu anayempangusa mgeni, akajilaza kwenye mkeka.

Dada yake alikuja kumchukua. Mke wangu alifariki huko Kabasa, kabla ya mvua za vuli. Mwili, walisema, ulikuwa umeisha kwa kutokula.

Nilikuwa mzee wa kanisa kwa muda usiofika miaka miwili. Kwa cheo hicho nilimnyima mke wangu kitu pekee kilichokuwa kinamponya, na nikampoteza. Kijana wetu hapokei simu zangu. Ninaishi peke yangu.